Fimbo ya Bei Nafuu Inatosha Kuanza Kupanda Milima

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi wa Chawia wanaoanza matembezi ya milimani



Nimeombwa nizungumze kuhusu fimbo za kupandia mlima, na hasa swali ambalo wengi huuliza: anayeanza anahitaji kutumia pesa nyingi kiasi gani? Jibu langu ni kwamba anayeanza anahitaji fimbo moja iliyo imara, yenye urefu unaomfaa, na ajue kuitumia. Si lazima iwe ya bei ghali. Pia haifai kabisa ikatwe msituni. Nitaeleza mambo hayo mawili.

Kaunti yetu ni ya miinuko. Voi iko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Vuria kiko mita 2,208. Watu wetu wamepanda na kushuka miteremko hii tangu zamani, na wazee walishika fimbo bila kuambiwa na mtu. Siku hizi kijana anaona fimbo ni ya mzee au ya mgonjwa. Anapanda mikono mitupu, na wakati wa kushuka ndipo anateleza au goti linaanza kulia.

Kupanda huchosha pumzi, lakini kushuka ndiko huumiza magoti. Kila hatua ya kuteremka, uzito wa mwili na mzigo wa mgongoni huangukia mguu mmoja. Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Salzburg nchini Austria walipima watu wakishuka mteremko wakiwa na fimbo mbili na bila fimbo. Waligundua kwamba fimbo hupunguza nguvu inayolikandamiza goti kwa hadi asilimia 25. Sehemu ya uzito hubebwa na mikono. Fimbo pia humpa mtu mguu wa tatu kwenye tope, na sisi tunajua tope la Machi hadi Mei na la mvua za vuli.

Ukiwa na pesa kidogo, nunua kwanza viatu vyenye meno yanayoshika ardhi. Fimbo ije baada ya hapo. Viatu vilivyolika soli haviokolewi na fimbo yoyote.

Tuanze na fimbo za dukani. Nyingi ni za vipande viwili au vitatu vinavyoingiana, na hutengenezwa kwa alumini au kwa nyuzi za kaboni. Za kaboni ni nyepesi na bei yake iko juu, lakini zikigongwa vibaya huvunjika ghafla. Alumini ni nzito kidogo. Ikizidiwa hupinda, na iliyopinda kidogo bado inaweza kukufikisha nyumbani. Anayeanza achukue alumini. Usilipie springi ya ndani ya kupunguza mshtuko, wala dira ndogo iliyobandikwa kwenye mshikio. Hayo hupandisha bei tu.

Kitu cha kulipia ni kifungio. Kabla ya kutoa pesa, vuta fimbo hadi urefu wako, ifunge, kisha iegemee kwa uzito wako wote. Ikiteremka hata kidogo, irudishe. Kifungio cha nje chenye kibanio huonekana kwa macho na hukazwa kwa skrubu kikilegea. Cha kuzungusha huwa rahisi kwa bei, lakini mchanga ukiingia ndani huteleza, kwa hiyo kifungue na kukifuta kila baada ya safari, na usikitie mafuta. Usivute kipande kupita alama ya kikomo iliyochorwa juu yake. Kagua pia ncha ya chuma isiwe imelika. Vipimo hivi ni vilevile kwa fimbo uliyoikuta kwenye mitumba.

Asiyeweza kununua anaweza kujitengenezea. Mti wa mkaratusi au mgrevilea unaopogolewa shambani kwako hutoa matawi yanayofaa, na mwanzi uliokomaa pia hufaa. Chagua kijiti kilichonyooka, kinene kiasi cha kukishika vizuri, kisicho na ufa wala tundu la wadudu. Kiache kikauke taratibu kivulini, kwa sababu kikikaushwa juani hupasuka. Kilainishe kwa msasa, na ufunge kamba au mpira wa baiskeli sehemu ya kushikia. Chini, chomeka mpira wa mkongojo unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Kisha kijaribu: kiegemeze ukutani na ukikandamize katikati. Kikilia, usikiamini mlimani.

Urefu hupimwa hivi: simama wima, ncha iwe karibu na mguu, shika mshikio. Kiwiko kikunjike kama pembe ya meza. Kwa mtu wa mita 1.70, fimbo hufika kati ya sentimita 115 na 120. Fimbo ya dukani ipunguzwe kidogo wakati wa kupanda na iongezwe kidogo wakati wa kushuka. Ya mti ikate ifike kifuani, ili upandishe au uteremshe mkono badala ya kurefusha fimbo.

Sasa nizungumzie jambo la msitu, ambalo ndilo kubwa zaidi. Msitu wa Chawia haufiki hekta 100. Ni kipande cha msitu wa asili uliokuwa umefunika milima hii. Miti yake hunasa ukungu na kuudondosha ardhini, nao hulisha chemchemi zetu. Ndani yake wanaishi ndege ambao hawapatikani kwingine duniani isipokuwa hapa Taita. Kijiti kilichonyooka unachokiona chini ya miti mikubwa ndio mti wa kesho. Watu 30 wakienda matembezi na kila mmoja akakata kimoja, miche 30 imekufa kwa asubuhi moja, na fimbo zenyewe zitatupwa jioni njiani. Kukata mti katika msitu wa umma bila kibali ni kosa chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016. Hata bila sheria, hatuwezi kupenda mlima na wakati huohuo tukaumaliza.

Kwa hiyo fimbo itoke shambani au dukani. Ukiwa njiani, fuata njia iliyopo, kwa kuwa ncha ya chuma huchubua mizizi na kulegeza udongo. Kwenye tope na nyasi tumia chuma. Kwenye lami na jabali tupu vaa kofia ya mpira.

Kutumia fimbo hakuhitaji mwalimu. Mguu wa kushoto unapotangulia, fimbo ya mkono wa kulia iende nao. Kama ina mkanda, ingiza mkono kutoka chini kwenda juu, kisha ushike mkanda na mshikio pamoja, ndipo uzito ukae kwenye mkanda na vidole visichoke. Unaposhuka, tanguliza fimbo, kunja magoti kidogo, na upige hatua fupi. Mahali pa kupanda kwa mikono, toa mkono kwenye mkanda na uifunge fimbo mgongoni. Fimbo iliyonasa kati ya mawe inaweza kukuvuta ukaanguka.

Kwa vijana, nawashauri mnunue kama kikundi. Fimbo chache nzuri zinaweza kutumiwa kwa zamu, na mgeni anayefika bila fimbo akazikodi kutoka kwenu. Fundi seremala wa hapa naye anaweza kutengeneza za mti wa shambani na kuziuza. Mnapopanga kuingia msituni, pitieni kwanza kwa maafisa wa Huduma ya Misitu ya Kenya na chama cha jamii cha kuhifadhi misitu.

Milima hii watu hutoka mbali kuja kuipanda. Isiwe sisi tunaoishi juu yake tunaogopa kwa kukosa kifaa ambacho baba zetu walijitengenezea. Mwenye swali akaribie.