Mbungo na Nasaba Yake

Leo tuutazame mbungo, ule mmea utambaao juu ya miti mwambaoni kwetu, ambao matunda yake hufanywa sharubati Unguja na Pemba, na ambao maulamaa wa mimea waliuhesabu zamani katika jenasi ya Landolphia, pamoja na ile mipira ya mwitu iliyogemwa utomvu kwa biashara, mmojawapo ukipewa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, hata ulipofika mwaka 1953 Mfaransa Pichon akautenga katika jenasi ya Saba.

Je, mabadiliko haya ya jina yamhusu nini mkulima? Yamhusu sana, kwa kuwa habari za mbegu, dawa na maradhi ya mmea huhifadhiwa chini ya jina la kitaalamu, na atafutaye kwa jina moja tu hukosa sehemu ya elimu hiyo.

Kwa upande mmoja, mtu aweza kusema kwamba kubadili majina huvitia vitabu vya kale katika giza. Kwa upande wa pili, uainishaji ni elimu ya nasaba, na nasaba ikidhihirika haifai kufichwa. Hoja hii ya pili naiona ina nguvu zaidi, ijapokuwa taabu yake huwaangukia wasio na maktaba.

Basi nawauliza: ni nani atakayetuandikia, maadamu wazee waijuao misitu wangali hai, orodha ya kulinganisha majina ya wenyeji na ya maulamaa?