Mto Pangani na Jirani Zake

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Korogwe



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya mto upitao hapa Korogwe. Twashukuru, wala hatutawachosha.

Mto Pangani hupata maji yake katika milima ya Kilimanjaro na Meru. Hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hushuka nyikani, na huku kwetu hupokea mito ya Mkomazi na Luengera, kisha huenda zake baharini. Njiani wako wenye mpunga, wenye mkonge na wenye ng'ombe. Tena iko mitambo ya umeme, ya Hale tangu 1964 na ile mpya ya Maporomoko ya Pangani tangu 1995. Wote hawa wautazamia mto mmoja.

Huenda mtu akauliza, Je, mji wa Handeni, ulio mbali na mto, una shauri gani hapa? Twajibu kwamba Handeni ni nchi ya ukame, na tangu miaka ya 1970 bomba kuu huvuta maji ya Pangani kutoka upande wa Korogwe na kuyapeleka huko. Basi mkulima wa Usambara alimaye mpaka ukingoni mwa kijito huteremsha udongo mtoni, na tope lake humfikia mama wa Handeni ambaye hajamwona kamwe. Wazee walisema, Mchuma janga hula na wa kwao.

Sheria hatukukosa. Mwaka 1991 ilifunguliwa Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, ya kwanza ya namna yake nchini. Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza kazi ziharibuzo katika mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Maji ya 2009 yazipa nafasi bodi za mabonde, kamati, na jumuiya za watumia maji. Lakini sheria peke yake haishiki jembe.

Na tukumbuke habari za Usambara. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilianza Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, na mwaka 1950 ukaenezwa milimani kote. Watu waliamriwa kupiga matuta, na asiyetii alitozwa faini. Kuhifadhi udongo lilikuwa jambo jema, lakini watu hawakushauriwa; wakaukataa mpango, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha ukaachwa.

Sisi nasi tujihadhari. Tukifika kijijini na karatasi, tukasoma amri na kuondoka kabla ya jua kuchwa, tumefanya nini? Mwenye shamba moja tu, nalo limo ndani ya mita 60, tusipomwuliza atakula nini, alama tuliyoisimika mchana ataing'oa usiku.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu. Kwanza, tukae na wazee na kuwasikiliza. Wazigua walikuwa na misitu ya mizimu isiyokatwa, wala haikulindwa na askari. Ililindwa na heshima ya watu wenyewe. Pili, watu wa Handeni na wa Korogwe wakae baraza moja, na wanywao maji wawasaidie walindao ukingo, hata kwa miche ya miti na mikono ya kuipanda. Tatu, na hili ni chungu, sisi watumishi tuanze. Kama yuko miongoni mwetu mwenye bustani ya mboga kandoni mwa mto, na ajiondoe yeye kwanza, ndipo amwambie jirani.

Mto haumjui mkubwa wala mdogo, wala haujui mpaka wa wilaya. Hatuna budi kuutunza kwa shauri moja, ama tutagawana ukavu wake.