Jamaa Hutafutwa kwa Mtaa: Ng'ambo ya Unguja na Watu Wake Waliotawanyika



Kila msimu wa likizo hushuka Unguja wageni ambao kwa kweli si wageni. Wanatoka Maskati, Dubai, London, Toronto, na wengi wao wanazungumza Kiswahili cha hapa hapa. Wanaulizia nyumba ya bibi, kaburi la babu, au kama yupo mtu wa kwao aliyebaki. Huanza na jina, na mara nyingi jina ndilo linalowapoteza. Hoja yangu leo ni kwamba mwenye asili ya Ng'ambo, ule upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe, aanze na mtaa, jina litafuata.

Kabla ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, mtu wa kawaida wa Unguja aliitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Baada ya hapo wengi walihama, na Sultani Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970 akawaita nyumbani Waomani waliokuwa nje, wengi wa hao wakaenda huko. Oman ni nchi ambayo mtu huandikwa kwa jina la kabila. Aliyejulikana mtaani Mwembetanga, Ng'ambo, kwa majina matatu akapata la nne, na leo wajukuu wanalisaka hilo la nne katika karatasi za Unguja ambamo halikuandikwa kamwe.

Kabila lenyewe nalo lina historia yake. Amri ya 1897 ilipofuta hadhi ya utumwa, watu wengi walitoka mashamba ya karafuu wakaja kuanza maisha Ng'ambo. Baadhi yao walihesabiwa kama Wanyasa, Wayao au Wamanyema. Katika sensa ya 1924 wengi walijiita Waswahili. Ilipofika sensa ya 1931 Waswahili walikuwa wamepungua mno, na Wahadimu na Washirazi wameongezeka. Watu ni wale wale, kabila waliloandikisha ndilo lililobadilika, nami sioni udanganyifu hapo. Naona watu waliokuwa wakidai heshima yao katika nchi iliyogawa haki, na baadaye hata mgao wa chakula wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa kabila la mtu. Lakini mjukuu anayeamini safu moja ya sensa atafika njia panda.

Ndiyo maana nasema mtaa. Kikwajuni, Miembeni, Vikokotoni, Mlandege, Kisima Majongoo, Mwembeladu: mtu aliweza kubadili jina na kabila, lakini majirani walimjua alikolala. Na hapa lazima nieleze umiliki wa Ng'ambo, maana ndiko watafutaji wengi wanakokwama. Nyumba nyingi zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa makuti. Mwenye nyumba alimiliki kuta na paa. Kiwanja kilikuwa cha tajiri, au cha wakfu. Mwaka 1928 wakaazi walikataa kulipa kodi ya viwanja, na mgomo ule uliitikisa serikali ya kikoloni. Kwa hiyo anayekuja kutafuta hati ya ardhi ya babu yake hataipata, kwa sababu babu hakuwa nayo. Aende Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, afungue majalada ya wakfu, ya kesi na ya mirathi. Mirathi hasa. Humo utakuta mali ya mtu maskini imeorodheshwa kitanda kwa kitanda, sufuria kwa sufuria, kanga kwa kanga, pamoja na majina ya waliojitokeza kudai. Pengine mdai ni familia ya aliyekuwa bwana wa marehemu, kwa kuwa sheria ilimpa haki ya kumrithi mtumwa aliyemwacha huru akafa bila warithi. Kusoma hivyo kunauma. Yasomwe hata hivyo majalada hayo, maana ni hapo tu baadhi ya bibi zetu waliandikwa majina yao.

Baada ya 1964 ardhi yote ilitaifishwa, kisha zikaja nyumba za maendeleo. Majumba ya Michenzani yalipita katikati ya Ng'ambo, na vibanda vilivyokuwa njiani vikabomolewa. Familia nyingi zilipata maji ya bomba na umeme, na sitabeza hilo. Lakini mgeni anayeshika ramani ya zamani mkononi hatauona uchochoro wa kwao.

Kilichobaki kimo majumbani. Geuza picha za zamani. Nyuma ya nyingine utakuta mhuri wa Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na chini yake maneno mawili matatu ya kalamu ya risasi: jina, mwaka, labda mtaa. Tazama picha za timu za mpira, kwa kuwa Miembeni, Kikwajuni na Mlandege zilicheza kwa majina ya mitaa yao. Tazama za vikundi vya ngoma ya lelemama, ambamo wanawake wasioonekana katika sensa wamesimama safu moja, wamevaa sare. Kisha nenda msikiti wa mtaa baada ya sala ya alasiri, uliza kwa adabu nani mkubwa kuliko wote barazani.

Kwa chuo chetu ninaomba jambo moja: tufungue dawati la kunakili picha hizo na kuwarekodi wazee mtaa kwa mtaa, na wanafunzi wetu wahesabiwe alama kwa kazi hiyo. Kwenu mlioko Maskati na kwengineko ninaomba jengine. Bibi zenu waliozaliwa Ng'ambo kabla ya 1964 wamebaki wachache. Wapigieni simu wiki hii, muwaulize walikuwa wakichota maji wapi na jirani yao wa mkono wa kulia alikuwa nani, kisha tuleteeni majibu.