Imla ya Alhamisi

Maneno yaliyosomwa mbele ya jamaa waliokusanyika West Bay, Doha



Kamati iliponitaka niseme machache juu ya malezi ya watoto ugenini, niliazimia kusema mambo makubwa. Mke wangu akacheka, akaniambia: "Sema la imla. Hilo unalijua, kwani ulilikosea." Basi nitasema la imla.

Hapa Doha wiki ya skuli huanza Jumapili, ikaisha Alhamisi. Katika skuli ya wanangu, Jumapili mtoto hurejea na karatasi yenye maneno kumi ya Kiingereza, na Alhamisi mwalimu huyatamka nao wakayaandika. Ni jambo dogo kwa kulitazama. Lakini kwetu, katika fleti yetu ya ghorofa ya kumi na saba, usiku wa Jumatano ulikuwa usiku wa vilio.

Wiki moja, mwanangu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka saba, aliletewa orodha iliyokuwa na "ship", yaani meli, na "sheep", yaani kondoo. Nilimtamkia yote mawili. Akaandika kondoo mara mbili. Nikamkemea, nikamwamuru aandike meli mara ishirini. Aliinamisha kichwa, akasema: "Lakini Baba, umesema neno moja mara mbili." Nililichukulia kuwa ni utovu wa adabu. Baada ya hapo zilipita wiki tatu bila ya karatasi. Nikiuliza, naambiwa mwalimu hakutoa. Mama yake ndiye aliyezikuta zote tatu chini ya godoro, zimekunjwa kunjwa hata zikawa ndogo kama hirizi.

Jamaa zangu, mtoto hakukosa adabu, alisikia sawasawa. Kiswahili chetu kina irabu tano tu, na Kiingereza kina sauti nyingi zaidi ya hizo. Ulimi wangu uliokulia Unguja humtia kondoo na meli katika zizi moja.

Aidha, sisi tumedekezwa na lugha yetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia maandishi yake; hivyo ajuaye silabi zake huandika takriban kila asikialo. Kiingereza sivyo. William Caxton alipoanza kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, herufi ya kwanza ya "knife" ilikuwa bado ikitamkwa. Matamshi yakaendelea na safari, maandishi yakabaki bandarini. Mtoto anayekosea neno hilo si mjinga, bali anadaiwa deni la watu wa kale.

Tulibadilisha utaratibu, nao ni huu. Jumapili hatuandiki kitu: tunasoma maneno, tunaulizana maana, na kila neno tunalitia katika sentensi. Hili la sentensi ni la lazima kwa wazee wenye ulimi kama wangu, kwani nikisema meli imetia nanga, mtoto hawezi kumfikiria kondoo. Jumatatu huanza kazi: alitazame neno, alifunike, aliandike, kisha alifunue na kulihakiki mwenyewe. Kulifunika ndiko kwenye faida, maana kunakili neno mara ishirini ni kazi ya mkono, ilhali kulitafuta kichwani ni kazi ya akili. Dakika kumi zatosha. Lililokosewa Jumatatu hurudi Jumanne, na tena Jumatano. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio ya kukariri na kuyachapisha mwaka 1885, alikwishaonyesha kuwa kujifunza kulikogawanywa kwa siku nyingi hukaa kuliko kulikorundikwa siku moja. Usiku wa Jumatano tulikuwa tunarundika.

Yale maneno yenye herufi zisizotamkwa tunayasoma Kiswahili, kila herufi kwa haki yake: "We-d-ne-s-da-y". Watoto hucheka, lakini hawaisahau tena ile "d". Nao wanalijua jambo hili kutoka imla ya Kiarabu, ambako "ash-shams", yaani jua, huandikwa kwa lamu isiyosikika.

Naomba sana bibi zetu msijitoe katika kazi hii kwa kusema hamkusoma Kiingereza. Binti yangu aliandika "thahabu" kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza hutumia "th" kwa sauti mbili. Mimi sikuweza kumweleza. Bibi yake, ambaye chuoni alisomeshwa Kurani tu, alimtamkisha thaa na dhali, ulimi kati ya meno, mpaka akasikia tofauti. Sasa barua anayomwandikia bibi mkuu wake kule Ng'ambo haina "thahabu" wala "thambi". Nakiri kuwa barua hiyo yanishughulisha kuliko alama za Alhamisi. Kiingereza watakipata wapende wasipende. Kiswahili wasipokiandika nyumbani hawatakiandika popote.

Tazameni hapo dirishani. Ardhi hii iliyobeba minara yote hii ilikuwa bahari, ikaanza kufukiwa miaka ya 1970. Hoteli ile yenye umbo la piramidi, Sheraton, ilifunguliwa mwaka 1982. Wenyeji hupaita Dafna, kutokana na kufukia. Jioni moja tukipita Corniche nilimwambia mwanangu kuwa sisi tunalo neno la shina hilo hilo, dafina, yaani mali iliyofukiwa. Alilitafuta daftari lake, akaliandika bila ya kuambiwa. Sikumsahihisha, hapakuwa na la kusahihisha.

Siku hizi Jumatano yeye ndiye msomaji na mimi ndiye mwandikaji, kwa matakwa yake. Husahihisha kwa kalamu nyekundu, wala hana huruma. Wiki iliyopita nilipata saba katika kumi. Neno "rhythm" lilinishinda kabisa, nikaamriwa nilifunike na kuliandika tena.