Kesi ikikufa katikati, nani atalipa avoka?



Wengi wetu hapa tulivuka ziwa toka Kigoma kurudi Baraka, tangu safari za HCR za 2005. Lakini jamaa hatukurudi wote. Kuna waliobaki Nyarugusu, kuna waliofika Marekani na Uingereza. Njo maana simu zinaingia: "Nisaidieni, avoka anaomba pesa." Na memba wanauliza kama sanduku letu linaweza kutoa.

Tuelewane kwanza: kesi inaweza kukufa bila hukumu. Mtu anashitaki serikali juu imemunyima karatasi. Mbele ya hukumu, serikali inamupa ile karatasi, ao inabadilisha sheria. Mwamuzi anasema hakuna tena cha kuamua. Ndugu amepata alichotaka, lakini deni la avoka liko palepale.

Uingereza, mwaka 2012, Tribinali ya Rufaa iliamua kesi ya M na Croydon, ya kijana muomba hifadhi aliyebishaniwa umri. Ilisema: aliyepewa yote aliyodai, kwa kawaida upande wa pili unamulipia gharama, hata kama mambo yaliisha kwa mapatano.

Marekani ni ingine. Tarehe 25 Februari 2025, Tribinali Kubwa iliamua kesi ya Lackey na Stinnie. Ilikuwa ya permi za kuendesha gari Virginia, si ya wakimbizi. Walalamikaji walikuwa na amri ya muda tu; kisha Virginia ikafuta sheria yenyewe, kesi ikakufa. Tribinali ikasema hao hawahesabiwi washindi, basi serikali hailipi avoka wao. Neno hilo "mshindi" limo pia katika sheria ya kudai gharama kwa serikali kuu, kwa hiyo kesi za wahamiaji zinaweza kuguswa.

Basi mbele ya sanduku kutoa hata dola moja, naomba tuulize vitu vitatu. Kwanza, kuna avoka wa bure? Pili, mkataba umeandikwa, na unasema kesi ikikufa itakuwaje? Tatu, serikali ikitaka kumaliza, avoka ataomba gharama ziingie katika mapatano mbele ya kufunga kesi?

Na ninyi wafadhili, musitudai karatasi ya hukumu peke yake. Ndugu akipata karatasi zake, pesa yenu imefanya kazi.

Sanduku hili ni muhogo na ndagala za watu. Tulifungue, lakini tukijua tunalipia nini.