Kumwambia Mwenzako Wimbo Wake Ulivyo

(Maneno aliyoyasema mwanachama wetu mmoja, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika hapa Tabora.)



Nilitakiwa nizungumze juu ya kazi za Serikali. Naomba radhi; hizo mtazijua tu mkimaliza masomo. Nataka kusema juu ya jambo ninalolifanya usiku nikitoka ofisini, yaani kuchanganya sauti za muziki, au kumiksi kama vijana wasemavyo. Mimi si fundi. Ninayo kompyuta, spika mbili na mke mvumilivu.

Kwanza niungame. Mwaka juzi vijana wawili wa shule hii walinitumia wimbo walioutengeneza wenyewe, wakaniomba maoni. Nami, kwa mazoea ya kuandika dokezo la ofisini, niliwajibu kwa makosa 14 yaliyopangwa kwa namba. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Mmoja wao alinishukuru. Mwenzake, ambaye ndiye aliyekesha juu ya kazi ile, hakujibu, na baadaye nikasikia kwamba ameufuta wimbo wote. Yupo hapa leo. Nimekwisha kumwomba msamaha, naye ameniruhusu nilisimulie jambo hili.

Nimefikiri sana juu ya barua ile. Kosa kubwa lilikuwa moja tu: sauti ya mwimbaji ilizama chini ya ngoma. Nililiweka la tisa, baada ya mambo madogo madogo ambayo msikilizaji wa kawaida asingeyatambua. Tena besi yake ilikuwa nzuri mno. Niliirudia mara tatu kwa raha yangu mwenyewe, lakini hilo sikuliandika popote. Basi angejuaje kwamba iko sehemu ya kuihifadhi?

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka Tabora ya Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, na Nyanyembe Jazz, na Kiko Kids. Bendi za wakati ule ziliporekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wapigaji wote walipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache. Kama tarumbeta lilizidi, dawa yake ilikuwa ni mpigaji kurudi nyuma hatua mbili. Hapo maoni hayakuwa jambo la hiari. Fundi mitambo alisema, mpigaji akasogea, wimbo ukarudiwa. Kijana wa leo anafanya kazi hiyo yote peke yake, usiku, na hakuna wa kumwambia arudi nyuma.

Na peke yake hawezi kujua. Wimbo ukiusikiliza mara mia, maneno unayasikia hata pale yasiposikika, kwa sababu umekwisha kuyajua kwa moyo. Tumezaliwa kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia hapa hadi Ujiji. Kirangozi alitangulia mbele na bendera yake, ngoma ikilia karibu naye. Wapagazi waliochoka nyuma kabisa ya mstari hakuweza kuwaona, ilibidi aambiwe. Mchanganyaji wa sauti ni kirangozi wa namna hiyo.

Masikio nayo yana udanganyifu wake. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza besi zaidi kuliko sauti za katikati. Ndiyo maana aliyechanganya kwa sauti kubwa usiku hushangaa asubuhi, akisikiliza polepole, kuona besi imekimbia. Na mwenye kutoa maoni kwa kusikilizia simu asiseme “hakuna besi”. Spika ya simu haina uwezo huo. Aseme: “Nimesikiliza kwa simu, nikiwa ndani ya daladala.” Maoni yasiyotaja chombo kilichotumika humpoteza mwenye wimbo.

Basi siku hizi nafanya hivi. Nasikiliza mara moja bila kushika kalamu, kisha nasikiliza tena. Nataja dakika na sekunde, nasema ninachokisikia, na mambo hayazidi matatu, lile kubwa likitangulia. Nasema pia kipi kisiguswe. “Kelele tupu” si maoni. “Safi sana kaka” nayo si maoni, ijapokuwa inapendeza kuisoma.

Nalijua hilo, maana nilipowatumia wenzangu wa ofisini wimbo wangu mmoja, wote walinijibu kwamba ni mzuri. Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya mitambo, alinyamaza kidogo, akaniambia: “Mwanangu, dakika ya pili huyu mwimbaji anaingia kisimani.” Nilianza kumweleza kwamba mwangwi ule niliuweka kwa makusudi, na kwamba spika zake ni za zamani. Mzee akaitikia kwa adabu, akabadili mazungumzo. Hakuniambia neno jingine juu ya wimbo ule. Nilipofika nyumbani nikausikiliza upya: kisima kweli! Labda alikuwa na mengine matatu ya kunifaa, nami nilimfunga mdomo kwa kujitetea. Unayeomba maoni, uliza swali lako wazi, “Je, maneno yanasikika?”, kisha nyamaza uandike. Kukubali au kukataa utaamua kesho yake. Wimbo ni wako.

Ndugu Mwenyekiti, nasikia harufu ya pilau, na najua mimi nimesimama kati ya watu na chakula chao. Nimalizie kwa habari hii. Kijana yule ameniletea wimbo mwingine asubuhi ya leo. Besi iko palepale, na mwimbaji ametoka chini ya ngoma. Kwenye dakika moja na sekunde 40 gitaa la solo linapanda juu ya maneno. Tukishakula nitamtafuta nimwambie.