Mashahidi wa Agosti 1905: Mikukuyumbu na Nyangao
(Hotuba kwa wazee wa Kanisa na vijana wa Nachingwea na Ruangwa)



Mtume Paulo, anapomtaja Stefano katika Mdo. 22:20, anamwita shahidi. Neno la Kigiriki lililotumika hapo ndilo lililokuja kuwa jina la kila aliyeuawa kwa ajili ya imani. Lakini maana yake ya asili ni mtu aliyeona jambo na kulisema. Ushuhuda hutangulia, kifo hufuata. Hilo litangulie hapa pia, maana habari hii ni ya watu waliouawa katika nchi hii ya kusini, na ubishi juu yao haujaisha.

Tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu katika nchi ya Liwale, jirani na Nachingwea, aliuawa Askofu Cassian Spiss wa Shirika la Wabenediktini. Alikuwa mtu wa Tirol, Austria, mwenye umri wa miaka 39. Ndiye aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, tena aliandika sarufi ya Kingoni. Pamoja naye walikufa mabruda Andreas Scholzen na Gabriel Sonntag, na masista Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Walikuwa safarini kutoka Kilwa kuelekea Peramiho. Kabla mwezi haujapita, misheni ya Nyangao, katika njia ya kwenda Lindi, ilishambuliwa na kuchomwa moto. Katika kukimbia huko aliuawa Sista Walburga Diepolder. Lukuledi nayo iliteketezwa.

Je, waliuawa kwa sababu ya Kristo, au kwa sababu ya Uzungu wao? Jibu la haki haliwezi kuwa fupi. Wapiganaji wa Maji Maji walikuwa wamechoshwa na pamba ya kulazimishwa, kodi, na viboko vya maakida. Siku kumi kabla ya Mikukuyumbu, Wajerumani walikuwa wamemnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Katika hali hiyo, padre na ofisa wa serikali walionekana kuwa watu wa bendera moja, na ni lazima ikubaliwe kwamba misheni zenyewe hazikufanya bidii ya kutosha kujitenga na bendera hiyo. Kisha serikali ililipiza kisasi kwa kuchoma vyakula na mashamba. Wanahistoria wanakadiria kuwa walikufa watu 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Nao wana wajukuu na vitukuu, na wengine wanaketi katika viti vya makanisa ya kusini kila Jumapili.

Walutheri wasidhani kuwa hayo ni ya Wakatoliki peke yao. Oktoba 1896 wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, na kisasi cha Wajerumani juu ya Wameru kilikuwa kikali mno. Hata hivyo, mwaka 1902 Injili ilirudi Meru, huko Nkoaranga. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 21, linafundisha kwamba watakatifu wakumbukwe ili imani itiwe nguvu, wala si ili waombwe. Kukumbuka kwa namna hiyo kunadai kusema ukweli wote, hata ule unaouma.

Leo Nyangao ina hospitali yenye jina la Mtakatifu Walburga. Huyo wa kwanza alikuwa mtawa Mwingereza wa karne ya nane, aliyevuka bahari kwenda kuwatumikia Wajerumani, akawa mkuu wa monasteri ya Heidenheim. Yeye hakuuawa. (Wajerumani nao waliletewa Injili na wageni, mara nyingi hilo husahauliwa.) Mgonjwa anayetoka Ruangwa au Nachingwea akifika Nyangao haulizwi babu yake alikuwa upande gani mwaka 1905.

Stefano alipopigwa mawe, Sauli alilinda nguo za wauaji, naye ndiye aliyekuja kuandika nyaraka zinazosomwa madhabahuni. Wazee waliosimuliwa na wazazi wao habari za Maji Maji wanazidi kupungua. Masimulizi yao yaandikwe sasa, ya waliokimbia Nyangao na ya waliokuja kuichoma, katika daftari moja.